Ramani ya Mama Pimbi

Tu. Tu. Tu.

Nyayo. Nyayo za mnyama mzito, usiku wa manane, zinakuja polepole, na haziji nje ya ukuta wala haziji mlangoni, zinakuja juu, juu kabisa ya kichwa cha mama aliyelala na watoto watatu kifuani, na huyo mwenye nyayo anahesabu, anahesabu kwa sauti ndogo kama mtu anayehesabu mayai ya wizi.

"Nne... tano... sita..."

Sogeeni hapa. Karibu zaidi, nisipaze sauti. Haya yalitokea zamani za kale mno, wakati wanyama bado wanajenga nyumba za kuta na milango na kugombana na mafundi kama sisi, na nyayo zile nitawaambia zilikuwa za nani, lakini acheni nianze kwenye kiwanja, maana bila kiwanja hamtaelewa kitu.

Palikuwa na pimbi mmoja, mama, mfupi hata chungu cha mboga kinamzidi kimo. Alikuwa na watoto watatu: Mkunde, Chepe, na mdogo kabisa Doti, aliyekuwa na kikohozi kisichoisha. Mumewe alitoka asubuhi moja kwenda kuchuma majani, akasema, "Nitawahi kurudi." Hajarudi mpaka leo. Basi Mama Pimbi akabaki na watoto chini ya jiwe lenye ufa, mvua ikinyesha wote wanalowa, na Doti anakohoa, khu, khu, usiku kucha.

Viwanja vya tambarare vilikuwa vimekwisha. Tembo alichukua, Nyati akachukua, Kifaru akachukua viwili kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia kimoja kinamtosha. Kilichobaki ni mteremko, mteremko mkali, ukiweka boga chini linakwenda lenyewe mpaka korongoni. Na mteremko huo ulikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa Chui.

Mama Pimbi akaenda kwake.

"Hodi, Mzee."

"Karibu, karibu, mwanangu!" Chui alikuwa na maneno laini, laini mpaka unajisikia vibaya. "Unataka kiwanja?"

"Ndiyo, Mzee. Kidogo tu."

"Chukua! Mimi sina choyo. Jenga. Ila huku ni mteremkoni, mama, nyumba zinaporomoka, nami sipendi kumwona mtu amefukiwa na kuta zake mwenyewe. Kwa hiyo kabla fundi hajagusa udongo, niletee ramani. Nione mlango uko wapi, nione jiko liko wapi." Akajilamba kidogo pembeni mwa mdomo. "Nione watoto wanalala wapi."

"Na watoto pia, Mzee?"

"Hasa watoto! Chumba cha watoto ndicho naangalia kwanza. Asiye na ramani hana nyumba, hilo ulijue. Naling'oa paa kwa mkono mmoja."

Ukutani nyuma yake ramani zilikuwa zimening'inia, majani makavu ya mgomba yaliyochorwa kwa mkaa. Mama Pimbi akaziangalia moja moja huku anaaga. Hii ya akina Kanga. Hii ya akina Sange. Hii ya Mama Sikujua. Akatoka nje, akaanza kutembea, kisha akakimbia, kwa sababu nyumba zile zote alizijua, na ndani ya zote hakuna mtoto aliyebaki.

Mama Sikujua alikuwa digidigi, jirani yake. Watu walikuwa bado wanamwita Mama Sikujua ingawa Sikujua mwenyewe hayupo, wala mdogo wake hayupo. Mama Pimbi alimkuta na mimba yake anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

"Mwenzangu, nikuulize kitu. Usinikasirikie."

"Uliza tu."

"Usiku ule. Alivunja nini alipoingia?"

Mama Sikujua akasimama na ufagio wake. "Hakuvunja kitu. Chungu kilikuwa katikati ya njia, hakukigusa. Mimi nililala chumba cha mbele sikusikia hata kidogo, nilisikia mlango tu wakati anatoka. Kulikuwa na mvua, akaacha nyayo za matope. Asubuhi nikazihesabu, sijui kwa nini nilizihesabu. Nane. Nane kutoka mlangoni, kisha kulia."

"Nane moja kwa moja?"

"Moja kwa moja! Hicho ndicho kinachoniua. Ndani mwangu ni giza, mimi mwenyewe mwenye nyumba ninapapasa ukuta. Yeye hakupapasa, Mama Pimbi. Hakupapasa."

Mama Pimbi hakumwambia alichokiona ukutani kwa Chui. Angemwambiaje? Kwamba ramani uliyomchorea kwa mkono wako ndiyo iliyomwongoza? Akamshika tu mkono, akarudi jiweni kwake, akakaa, akawaza mpaka kichwa kikamuuma. Asipopeleka ramani, hana nyumba, na mvua za masika zimefika mlimani, na kikohozi cha Doti kinazidi. Akipeleka, ana nyumba, hana watoto. Akidanganya, Chui atakuja kukagua. Atakuja tu, kwa vile ana sababu ya kuja.

"Doti!" akaita. "Doti, uko wapi? Njoo ndani, kumepoa!"

Akaita tena, kwa nguvu zaidi.

"Doti!" Akapanda juu ya bamba la jiwe lililolala kwenye mteremko, akaangaza huku, akaangaza kule. "Dotiii!"

"Khu! Niko hapa! Mama, unanikanyaga!"

"Uko wapi wewe?"

"Chini ya miguu yako!"

Ni kweli. Lile bamba upande wa juu lilikuwa limegusa nyasi kabisa, lakini upande wa chini, kwa sababu ya ule mteremko, lilikuwa limeinuka likaacha nafasi, na Doti alikuwa humo amejikunja, anacheka, anakohoa. Ukilitazama bamba kutoka juu, unaona bamba tu.

Mama Pimbi akabaki amesimama palepale. Akapiga mguu mmoja, tu. Akashuka, akachungulia chini. Akapanda tena, akatazama kutoka juu. Kisha akakata jani la mgomba, akatafuta mkaa.

Kesho yake alikuwa mbele ya Chui tena. Chui akalitandaza jani magotini, akapitisha ukucha juu ya mistari, krrr, krrr.

"Umechora vizuri! Wengine huniletea vitu kama kuku wamechakura. Huu mlango, upande wa juu wa mteremko. Vizuri. Hapa sebule. Hapa jiko. Hii korido, imenyooka, safi sana. Mwisho wa korido, kushoto..."

"Chumba cha watoto, Mzee."

"Na wewe?"

"Mimi hapa mbele, karibu na mlango."

"Mbali na watoto?"

"Ndiyo, Mzee. Mdogo anakohoa sana, hanipi usingizi."

"Ah, pole. Pole sana, mama." Ukucha ukasimama pale kushoto. "Kutoka mlangoni mpaka hapa ni hatua ngapi?"

"Zangu au zako, Mzee?"

Chui akacheka, he he he, akaangalia pembeni. "Tuseme zangu."

"Zako ni kumi na mbili."

"Kumi na mbili," akasema Chui kwa utulivu, kama mtu anayeonja asali. "Kisha kushoto. Haya, jenga. Nitakuja kukagua."

Akalitundika jani ukutani pamoja na mengine.

Fundi alikuwa Muhanga, mkubwa, masikio marefu, mikono kama majembe, mpole, mzito wa kuelewa. Alipima kwa kibuyu cha maji nusu: akikilaza, maji yakikimbilia upande mmoja, anaguna. Akakilaza juu ya kiwanja cha Mama Pimbi. Maji yakamwagika yote.

"Yalaa! Mama, kiwanja hiki kitatutoa jasho. Ukitaka sakafu iwe sawa, ama tukate udongo huku juu, ama tujaze huku chini."

"Hatukati. Hatujazi."

"Sasa?"

"Sakafu ianze juu hapa, iguse nyasi. Ielekee kule bila kushuka, isimame juu ya nguzo. Upande wa chini mtu aweze kupita chini yake amesimama."

"Na hapo chini ya sakafu, paachwe wazi?"

"Pazungushie ukuta. Uweke tundu nyuma ya lile jiwe, linitoshe mimi tu. Na kwenye ukuta unaopakana na chumba cha mwisho, acha upenyo mdogo, wa kupitisha hewa."

Muhanga akaandika yote kichwani, kidogo kidogo. Akachimba, chwa, chwa, chwa. Siku ya tano akafika mwisho wa korido.

"Na chumba hiki, mkono wa kushoto?"

"Kuta nne. Mlango."

"Boriti za sakafu ngapi?"

"Usiweke."

"Nisiweke... Mama!" Muhanga akachungulia. "Chini hapa ndipo korongo linapoanzia! Yale mawe umeyaona? Yamesimama kama meno!"

"Nimeyaona."

"Mtu akiingia ataanguka!"

"Mtu gani, Fundi, ataingia usiku kwenye chumba cha watoto wangu?"

Masikio marefu ya Muhanga yakalala taratibu, yote mawili, na hakuuliza tena kitu mpaka kazi ikaisha.

Wakati anakusanya vyombo vyake Mama Pimbi akamwambia, "Fundi, una mdomo mrefu."

"Mrefu lakini mwembamba, mama. Vitu vingi haviwezi kupita." Akatabasamu, lakini hakuwa na furaha. Akaenda zake, akahamia mbali.

Asubuhi iliyofuata, hodi!

"Nimekuja kukagua!"

Chui aliingia bila kungoja karibu. Mama Pimbi alikuwa mwisho wa korido, mikono imejaa udongo na samadi mpaka viwikoni, na nyuma yake kwenye mlango wa kushoto umening'inia mkeka. Nyuma ya mkeka hakuna kitu. Upepo kutoka korongoni ukausogeza mkeka kidogo, na yeye akausukuma kwa mgongo wake urudi.

Chui akatembea. Hakujificha hata kidogo. "Moja. Mbili. Tatu." Mpaka kumi na mbili. Akasimama mbele yake, pumzi yake ina harufu ya nyama ya jana.

"Sawasawa. Kumi na mbili kamili. Wewe ni mwaminifu. Sasa sogea nione ndani."

"Karibu, Mzee," akasema Mama Pimbi, na sijui sauti aliipata wapi. "Ila nimesiriba sakafu sasa hivi. Mbichi kabisa."

"Nitakanyaga kidogo tu."

"Kanyaga, Mzee, nyumba ni yako. Lakini udongo huu ukikauka na unyayo, haufutiki. Utabaki humo mpaka watoto wangu wazeeke. Kila mgeni atakayeingia atauliza, jamani, huu unyayo wa nani? Nami nitajibu, ni wa Mzee Chui, alikuja kuangalia chumba cha watoto."

Mguu wa Chui ulikuwa umekwisha inuka. Ukabaki hewani.

Mama Pimbi akahesabu pumzi zake mwenyewe. Udongo ukamdondoka vidoleni, to, to.

"Hapana," akasema Chui, akaurudisha mguu chini. "Hapana, tusiharibu kazi ya mama wa watu. Utakauka lini?"

"Kesho kutwa, Mzee."

"Kesho kutwa." Akageuka. "Walale salama."

Basi ndiyo hiyo kesho kutwa. Mvua. Giza ambalo mkono wako huuoni. Mama Pimbi alipita kwenye tundu nyuma ya jiwe na watoto wake, akawalaza pale chini ya korido, palipo pakavu, kwenye majani makavu, akawaambia, "Leo hatusemi. Hata mkisikia nini, hatusemi." Mkunde akaitikia kwa kichwa. Chepe akaitikia. Doti akasema, "Na nikitaka kukohoa?" Mama akambana kifuani.

Kriii. Mlango wa juu.

Tu. Tu. Tu.

"Moja... mbili... tatu..."

Vumbi likawadondokea usoni. Alipita chumba cha mbele bila kugeuza hata kichwa. Hakupapasa.

"Saba... nane..."

Mama Pimbi akausikia mwili wa Doti unajikaza, ukajikaza zaidi, akauziba mdomo wake kwa kiganja, na kikohozi kikapita katikati ya vidole.

Khu!

Nyayo zikasimama. Juu yao kabisa. Kati ya Chui na watoto palikuwa na boriti na udongo wa unene wa kiganja, basi. Mama Pimbi akafikiri, mimi ndiye niliyemleta, nimemchorea, nimemhesabia hatua kwa mdomo wangu.

Lakini sikilizeni. Chumba kile cha mwisho hakikuwa na sakafu, na ukutani Muhanga aliacha upenyo, kwa hiyo kikohozi cha Doti kilipita upenyoni kikapanda ndani ya kile chumba kitupu kama moshi, kikatokea juu, nyuma ya mkeka, palepale ramani iliposema.

Chui akacheka chinichini, wakamsikia.

"Yule mwenye kikohozi," akanong'ona. "Tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili." Hakuhesabu tena polepole. "Kushoto!"

Akaruka.

Fyaa, mkeka. Kisha hakuna sauti, kwa muda ambao Mama Pimbi aliuona mrefu kuliko masika yote. Kisha, PU! Na mawe, gururu, gururu, na kitu kama fimbo inayovunjika.

Kisha mvua tu.

Halafu, kutoka chini, sauti. Laini bado.

"Mama Pimbi."

Mama akamwacha Doti kwa Mkunde.

"Mama Pimbi... hukuniambia kweli."

Akausogelea upenyo. "Nilikuambia kweli, Mzee. Mlango, korido, hatua kumi na mbili, kushoto, kuta nne. Vyote umevikuta."

"Sakafu..."

"Sakafu hukuniuliza. Uliniuliza watoto."

Akanguruma, akaita, akaomba, mara akatukana, mara akalia kama mtu yeyote anavyolia. Maji ya mvua yalikuwa yanashuka mlimani.

"Mama," akasema Mkunde gizani, "kuna mtu analia?"

"Ni mvua."

"Inaita jina lako."

"Ni mvua, Mkunde. Lala."

Alfajiri korongo lilikuwa limejaa pomoni, maji mekundu yanakwenda kwa kishindo, na yalipopungua, mawe yalikuwa yamesafishwa kabisa, hakuna kitu. Mama Pimbi akatundika mkeka mpya. Wanyama wakaulizana, Chui yuko wapi? Labda amesafiri. Mama Pimbi naye akasema, labda amesafiri. Doti alipata nafuu pale pakavu chini ya korido. Lakini mama yake hakuimba tena wakati wa kupika, na kila mvua iliponyesha alitoka nje akasimama mpaka inyamaze.

Mngependa niishie hapo. Hata mimi ningependa. Lakini siku ya tisa alikuja Chui mwingine, kijana, madoadoa yaleyale, maneno laini yaleyale, akakaa kwenye nyumba ya yule wa kwanza, chini ya majani yale ya mgomba. "Mimi ni mdogo wake," akawaambia watu. "Mteremko sasa ni wangu. Mjenge, mjenge tu. Ila ramani mniletee mimi."

Jioni hiyo Mama Sikujua alikuja kwa Mama Pimbi. Alikuwa anatembea kwa shida, tumbo limemtangulia, mimba ya miezi ya mwisho. Akakaa chini. Akaangalia korido ndefu, akamwangalia Doti anacheza.

"Nyumba yangu ameibomoa," akasema. "Anataka nijenge mpya. Anataka ramani."

"Pole, mwenzangu."

"Wanao wako hai. Wako watatu. Aliingia humu, najua aliingia, niliziona nyayo zinakuja na sikuziona zinarudi. Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Mama Pimbi." Akaishika mikono yake, ileile iliyomshika yeye siku ya ufagio. "Mimi nilizihesabu nane. Usinifanye nizihesabu tena."

Mama Pimbi akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Alijua siri ikitembea itafika, itafika kwa yule kijana mwenye maneno laini, na siku hiyo ataanza kuuliza habari za sakafu. Alijua pia kwamba lile tumbo halitangoja.

Akamshika mkono, wakatoka nje, wakazunguka jiwe, akamwingiza tunduni kwa shida, akamwonyesha. Hapa juu yetu ni korido. Huu hapa ni upenyo. Kule hakuna sakafu. Yule ndugu yake Chui hajui ila ya juu, maana jani linaonyesha ya juu tu. Akampa kipande cha mkaa.

Na funzo lake, wanangu, ni hili tu: anayeng'ang'ania kujua watoto wako wanalala wapi, usimwonyeshe kilicho chini ya nyumba yako.

Mama Sikujua alikaa kwenye majani makavu muda mrefu, mkono mmoja kwenye tumbo, mwingine umefumbata mkaa, anatazama boriti za juu.

"Hata dada yako hutamwambia siri hii?" akauliza Mama Pimbi.

"Hata dada yangu."

"Na huyu akizaliwa, akakua, akakuuliza kwa nini tunalala chini?"

"Nitamwambia ni kwa ajili ya mvua." Akaufunga mkaa kwenye pindo la nguo yake, akafunga na fundo la pili. "Simwambii mwingine, Mama Pimbi. Simwambii mwingine yeyote."